LUGHA NI UFUNDI: IPIMWE KAMA UFUNDI, ILIPWE KAMA UFUNDI



Siku hizi habari za kazi zinazofika hapa Kware huja na sharti moja mkiani: "Awe anajua Kiitaliano." Dereva wa kupeleka wageni Amboseli, awe anajua Kiitaliano. Weita wa hoteli ya Malindi au Watamu, awe anajua Kiitaliano. Mama wa kutunza mzee huko Italia kwenyewe, awe anajua Kiitaliano. Vijana wetu waliokulia kati ya machimbo ya mawe na viwanda vya saruji wanauliza: Je, sharti hili ni la haki? Na tukienda kuomba, tutapimwa namna gani?

Maoni yangu nayasema mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote apate kiini. Lugha ni ufundi kama ufundi mwingine wowote. Kwa hiyo mwajiri ana haki ya kuipima kabla ya kumwandika mtu. Lakini aipime kwa kazi yenyewe, kwa kipimo kimoja kwa wote, bila kumtoza mwombaji hata senti. Na akiisha kuipima na kuitumia, ailipe. Mwajiri anayetaka ufundi huu bila kuupima ni mzembe, na anayeutumia bila kuulipa ni mnyonyaji.

KIITALIANO KILITUFIKIAJE

Wengine husema Kiitaliano ni lugha ya mbali, haituhusu. Si kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waitaliano wengi walioshindwa vitani Uhabeshi na Somalia waliletwa Kenya wakiwa wafungwa wa vita. Hao ndio waliofanya kazi ya barabara inayoteremka bondeni mpaka Mai Mahiu, na lile kanisa dogo lililo kando ya barabara hiyo walilijenga wao mwaka 1942. Ukipita leo kwa matatu utaliona.

Baadaye Serikali ya Italia iliweka kituo cha kurushia roketi baharini upande wa Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 26 Aprili 1967 ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Mafundi wa Italia walikuja kufanya kazi, watalii wakafuata, wengine wakajenga nyumba na hoteli, hata watu wakauita mji wa Malindi "Italia Ndogo".

Sasa angalieni jambo moja. Ni nani kati yetu aliyejifunza lugha ile? Wengi wao hawakuwa watu wa ofisini. Walikuwa vijana wa ufukweni, wauza vinyago, wavuvi, watumishi wa nyumba na wapishi. Walijifunza kwa masikio, bila mwalimu na bila kitabu. Ndiyo maana hata leo Malindi waweza kumkuta mtu aliyeacha shule mapema akiongea na mgeni kutoka Milano kama waliolelewa nyumba moja, naye hana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Na sisi wa Kajiado? Mbuga ya Amboseli imo katika kaunti yetu. Gari la wageni likitoka Nairobi kwenda huko kwa njia ya Namanga, hupita Kitengela, likapita Isinya, likapita mji wa Kajiado. Kazi hiyo inapita mlangoni petu kila siku. Haifai tuitazame vumbi lake tu.

VIPIMO VIBAYA VINNE

Kuna namna nne za kupima ambazo zimezoeleka, na zote nne ni mbaya. Zichunguzeni moja moja.

Ya kwanza ni kipimo cha mdomo mtupu. Meneja ambaye yeye mwenyewe hajui Kiitaliano anauliza, "Unakijua?" Mwombaji anajibu, "Nakijua sana." "Haya, sema kidogo." Mwombaji anasema "Ciao, come stai?" na meneja anafurahi, anamwandika. Hapo hapakupimwa kitu. Ni sawa na kumwandika fundi wa mawe kwa sababu ametaja jina la nyundo. Wiki ya pili mgeni analalamika, na mtu yule anafukuzwa kama mwizi, na huenda aliacha kibarua chake cha zamani kwa ajili ya kazi hiyo. Hasara yamwangukia nani? Yamwangukia mfanyakazi.

Ya pili ni kipimo cha karatasi peke yake. Mwajiri anasema, "Bila cheti, usiingie." Vyeti vya Kiitaliano vipo na ni vya kweli: kuna vya Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, kuna vya chuo cha Perugia, kuna vya Chama cha Dante Alighieri. Aliye navyo ameonyesha bidii na tumpe heshima yake. Lakini cheti huonyesha ulivyoweza siku ya mtihani, na mitihani hiyo ina ada. Yule kijana wa Malindi aliyejifunza kwa masikio anakosa kazi anayoiweza, kwa sababu hakuwa na fedha za ada. Cheti kiwe njia moja ya kujionyesha, kisiwe mlango wa pekee.

Ya tatu ni kipimo kisichohusu kazi. Hapa mwombaji wa kazi ya udereva anapewa karatasi ya sarufi, ajaze vitenzi vya wakati uliopita, na aeleze habari za mashairi ya kale. Akishindwa anaambiwa hafai. Lakini hakuitwa kuwa mwalimu. Kipimo cha namna hii mara nyingi ni fimbo ya kufukuzia watu, ili nafasi ibaki kwa shemeji wa bwana mkubwa.

Ya nne, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni ile inayoitwa "majaribio". Mwombaji anaambiwa, "Njoo ufanye kazi wiki mbili tuone Kiitaliano chako." Anahudumu wiki mbili katika msimu wa wageni wengi, hapewi mshahara, kisha anaambiwa lugha yake haitoshi, na mwingine anaitwa kushika nafasi yake kwa namna ile ile. Ndugu zangu, huko si kupima. Ni kupata kazi ya bure. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 42, inakubali muda wa majaribio usiozidi miezi sita, lakini muda huo ni wa mtu aliyekwisha andikwa, na mtu aliyeandikwa ana mshahara wake. Kipimo cha lugha ni cha nusu saa, nacho hufanywa kabla ya kuandikwa. Aliyeshika sinia akawapelekea wageni chakula amekwisha fanya kazi, na kazi hulipwa.

TUJIFUNZE KWA FUNDI WA MAWE

Hapa Kware hatuhitaji profesa wa kutufundisha maana ya kipimo. Mtu akija machimboni akasema ni mchonga mawe, hakuna anayemuuliza anatoka kabila gani wala alisoma shule ipi. Anapewa nyundo na patasi, anaonyeshwa jiwe, anaambiwa alitoe la tisa kwa tisa. Akimaliza, wenziwe wanalitazama. Kama pembe zimenyooka, ni fundi. Kama zimepinda, arudi akajifunze. Hakuna chuki wala upendeleo, jiwe lenyewe limesema.

Serikali nayo ina mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo ina kituo jirani yetu Athi River. Fundi wa kuchomelea hupimwa kwa kuchomelea. Fundi wa bomba hupimwa kwa bomba. Hata aliyejifunzia chini ya mwembe, bila kukanyaga darasa, anaweza kufanya mtihani huo akapata gredi yake.

Waongozaji wa safari nao wametangulia katika jambo hili. Chama chao cha ufundi kina ngazi tatu, Shaba, Fedha na Dhahabu, na anayetaka kupanda hufanya mtihani. Wenye kazi yao ndio wanaopima wenye kazi yao. Hilo ndilo jambo la kuiga katika lugha.

Na kwa wale wanaosema kupima lugha ni kumdhalilisha mtu, nawakumbusha historia. Wakati wa ukoloni hata mabwana maofisa wa Serikali walifanya mtihani wa Kiswahili, na kupanda kwao kazini kulitegemea kuufaulu. Hawakuona aibu. Walipewa nafasi ya kujifunza, na mshahara wao ukiendelea. Kama kipimo cha haki kiliwafaa wao waliokuja kututawala, kwa nini kijana wetu apimwe kwa kubahatisha?

KIPIMO CHEMA KINA SURA GANI

Kwanza, mwajiri aandike kazi yenyewe ni ipi na ndani yake lugha inatumika wapi. Akiisha kuandika, ataona kwamba kila kazi ina kiasi chake.

Watu wa Ulaya wameweka ngazi sita za kupimia lugha, zilizotangazwa mwaka 2001. Zinaitwa A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Wa A1 anaweza kusalimu, kutaja jina, bei na saa. Wa A2 anaweza mambo mepesi ya kila siku. Wa B1 anajitegemea, anaweza kueleza shida iliyotokea na kusimulia habari. Wa B2 anazungumza na mwenye lugha bila taabu kubwa. Za juu, C1 na C2, ni za wale wanaofanya kazi nzito za maandishi na ukalimani. Mimi nasema ngazi hizi zatufaa kama kamba ya kupimia, ili mwajiri asiseme tu "awe anajua sana". Sana ni kiasi gani? Hata uji una kipimo chake cha unga.

Mtu wa kutandika vyumba apaswa kujua maneno machache tu, naye anaweza kufundishwa kazini kwa wiki kadha. Askari wa lango na mpishi wa jikoni ambaye hamwoni mgeni hawahitaji Kiitaliano hata kidogo, na kuwawekea sharti hilo ni kuwafungia mlango bure. Weita na dereva wa safari wanahitaji zaidi. Karani wa mapokezi, anayepokea malalamiko na kueleza hesabu, anahitaji zaidi tena.

Pili, kipimo kitumie maneno ya kazi ile, na hasa yale ambayo ukiyakosea utamwumiza mtu. Hapa nataka tukae kidogo, maana wengi hudhani lugha kazini ni mapambo tu.

Mgeni akikaa mezani akasema "sono allergico alle arachidi", anakuambia kwamba karanga zinamdhuru. Weita asiyeelewa anatabasamu, anasema "sì, sì", anamletea mchuzi wenye karanga. Mgeni anaweza kufa pale pale. Kuna hata neno dogo kama "caldo". Mwenye kujua Kiingereza hudhani ni baridi, kumbe maana yake ni moto. Neno "camera" si ya kupigia picha, ni chumba cha kulala. Neno "burro" ni siagi. Mambo haya ndiyo ya kuulizwa.

Dereva yuko Amboseli, ndovu wamezunguka gari, na mgeni mmoja anashika kitasa cha mlango. Lazima dereva aweze kusema mara moja "Non scendete!", yaani msishuke, wala asianze kutafuta neno. Gurudumu likitoboka njiani, aweze kusema "abbiamo forato" na kuwatuliza watu. Apimwe kwa hayo. Majina ya ndege ishirini kwa Kiitaliano atajifunza baadaye.

Mama anayekwenda kumtunza mzee atakabidhiwa dawa. "Una compressa prima dei pasti" ni kidonge kimoja kabla ya kula. "Dopo i pasti" ni baada ya kula. Tofauti ni neno moja, na ndani ya neno hilo mna uhai wa mtu. Apimwe kwa karatasi ya dawa, na kwa simu ya kumwita daktari.

Tatu, anayepima awe anaijua lugha hiyo. Meneja asiyejua amwite mfanyakazi wa siku nyingi anayeijua, au mgeni mkaaji, au mwalimu. Na katika chumba kile akae pia mwakilishi wetu wa Chama, ashuhudie kwamba wote wameulizwa maswali yale yale, kwa muda ule ule.

Nne, matokeo yatangazwe kwa kila mtu, afahamu alipokosa. Kuambiwa "tutakupigia simu" si matokeo. Mtu akiambiwa, "Kusikia kwako ni kuzuri, lakini kuandika hujafika," atajua la kufanya mwaka ujao.

Na mpimaji awe na akili ya kutofautisha kosa linalorekebishika na lile lisilorekebishika upesi. Vijana waliojifunzia ufukweni humwita kila mgeni "tu", yaani wewe, kama rafiki. Lakini Mwitaliano mwenye umri, katika hoteli, hutazamia aitwe "Lei", neno la heshima. Si jambo geni kwetu. Nasi hatumwamkii mzee kama tunavyomwamkia mwenzetu wa kucheza naye, shikamoo ina mahali pake. Basi kosa la "tu" na "Lei" hurekebishwa kwa mafunzo mafupi. Vile vile herufi zinazokazwa: "casa" ni nyumba na "cassa" ni sanduku la fedha, na sisi hatujazoea kukaza hivyo. Lakini irabu za Kiitaliano, yaani a, e, i, o, u, zinakaribiana na zetu, na msemaji wa Kiswahili huzitamka vizuri tangu siku ya kwanza. Mpimaji mwadilifu huona na hilo pia.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya lugha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, nayo imeitaja lugha kati ya mambo ambayo mwajiri hawezi kuyatumia kumbagua mfanyakazi au mwombaji kazi. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba kuchagua mtu kwa jambo ambalo kazi yenyewe inalihitaji si ubaguzi.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mwenye hoteli anayetaka karani wa mapokezi ajuaye Kiitaliano hajavunja sheria, kwa kuwa kazi inahitaji. Lakini anayemtaka mfyeka nyasi ajue Kiitaliano atakuwa na shida ya kulieleza hilo mbele ya hakimu. Kwa hiyo kipimo kinachofuata kazi ni ngao kwa pande zote mbili. Kinamlinda mfanyakazi asionewe, na kinamlinda mwajiri asishtakiwe.

Kwa wanaokwenda ng'ambo kuna zaidi. Msimkabidhi mtu fedha wala pasipoti kabla ya kujua kama ofisi yake imeandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba wa kazi ya ng'ambo hauna budi kuthibitishwa na Afisa wa Kazi. Na kama mkataba umeandikwa kwa lugha usiyoielewa, sheria inataka uelezwe kwa lugha unayoielewa. Usitie sahihi Kiitaliano usichokisoma.

Tena kuna ujanja wa kuchanganya masharti ya Serikali ya Italia na masharti ya kazi. Ni kweli kwamba Italia humtaka mgeni anayeomba kibali cha ukaaji wa muda mrefu awe amefika A2, na anayeomba uraia kwa kukaa nchini awe B1, tangu mwaka 2018. Lakini hayo ni ya ukaaji na uraia, baada ya miaka. Si kipimo cha kuanzia kazi ya nyumbani. Mtu akikwambia sivyo, kisha akatoa risiti ya darasa lake mwenyewe, shika mfuko wako. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, limeweka kanuni kwamba ofisi za kutafutia watu kazi zisimtoze mfanyakazi ada. Anayehitaji kipimo ni mwajiri, na gharama yake ni ya mwajiri.

Na mkifika huko, fahamuni kwamba watumishi wa nyumbani wa Italia wana mapatano ya taifa zima, yaliyofanywa na vyama vya wafanyakazi, ambamo kazi zimepangwa kwa ngazi kuanzia A hadi D, na kila ngazi ina mshahara wake. Ulizeni mmeandikwa ngazi ipi.

MALIPO YA ULIMI

Sasa nafika penye uchungu. Katika kazi nyingi mwenye kujua lugha huandikwa kwa mshahara ule ule wa asiyejua. Kisha wageni wa Kiitaliano wakija, kila meza ni yake. Akiwa amepumzika anaitwa. Akiwa chumba cha nyuma anaitwa, "Njoo utafsiri." Jioni amefanya kazi ya watu wawili, na mwisho wa mwezi mfuko ni wa mtu mmoja. Mwajiri husema, "Lugha si mzigo, haichoshi." Basi mbona ameiweka kuwa sharti? Kitu ambacho bila hicho huwezi kuniandika, nacho kina bei.

Tena msimu wa Waitaliano si wa mwaka mzima. Hujaa karibu na Krismasi na tena mwezi wa Agosti. Mvua za masika zikianza, hoteli nyingi za pwani hufunga milango na watu hurudishwa nyumbani. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, mwenye Kiitaliano kizuri na asiye nacho walikaa nyumbani pamoja. Kwa hiyo alawansi ya lugha isiwe bakshishi ya mgeni, inayokuja na kuondoka. Iandikwe katika mapatano ya Chama na mwajiri, kama ilivyo gredi ya fundi.

MANENO KWA WAAJIRI, NA MANENO KWETU

Najua waajiri watasema, "Waombaji ni wengi, nafasi mbili tu, tutawapima wote saa ngapi?" Jibu ni jepesi. Wape wote karatasi fupi na sauti ya kusikiliza kwa pamoja, kisha waiteni wachache waliobaki, kila mmoja nusu saa ya maongezi. Asubuhi moja yatosha. Kumwandika asiyefaa, kumfukuza, kumtafuta mwingine na kumwomba radhi mgeni, huko ndiko kupoteza wakati.

Wengine watasema Chama kinataka kuwatetea wasiojua. Hapana. Hatumwombei kazi ya Kiitaliano asiyejua Kiitaliano, kama tusivyomwombea usukani asiyejua kuendesha. Tunaomba kipimo.

Nasi tuambiane kweli. Mwenzetu anayesema anajua asichokijua anawaharibia wengine. Akishindwa, meneja hasemi "fulani hajui", husema "hawa watu wa Kitengela ni waongo", na wanaokuja nyuma yake hukuta mlango umefungwa. Njia ya mwongo ni fupi. Sema kiasi chako: "Nasikia vizuri, naongea kidogo, kuandika bado." Asiyejua leo anaweza kujifunza. Wachache wakutane jioni, anayejua amfundishe asiyejua. Wale wa Malindi hawakuwa na zaidi ya hayo, walikuwa na masikio na haja.

Kwa hiyo naomba Chama chetu kiyachukue mambo haya sita na kuyapeleka kwa waajiri:

1. Sharti la lugha liandikwe pamoja na kazi na kiasi kinachotakiwa.
2. Kipimo kifanywe kabla ya kuandikwa, kwa maneno ya kazi hiyo, na maswali yawe sawa kwa wote.
3. Mwombaji asitozwe ada ya kipimo, wala asifanyishwe kazi bila mshahara kwa jina la majaribio.
4. Mwenye cheti na aliyejifunza kwa masikio wapewe nafasi sawa ya kupimwa.
5. Mpimaji awe anajua lugha, mwakilishi wa Chama awepo, na kila mtu aambiwe matokeo yake.
6. Lugha inayotakiwa kazini ilipwe, na malipo hayo yaandikwe katika mapatano.

Wakati tunangoja, kila mwanachama aweza kuanza sasa. Ukipewa kipimo cha lugha, andika tarehe, maswali uliyoulizwa, na kama ulidaiwa fedha, kisha umletee mwakilishi wako. Malalamiko ya mdomo hupeperuka, lakini yaliyoandikwa hubaki, nayo ndiyo yatakayotupa nguvu siku ya kukaa mezani na waajiri.

Jiwe la Kware halijengi nyumba mpaka limepimwa, na likiisha kupimwa hununuliwa kwa bei yake. Ulimi wa mfanyakazi usiwe na thamani ndogo kuliko jiwe.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Kware